Kumi Haiingii

Kwanza ilikuwa sauti. Nilikuwa sijafumbua macho, na dirisha la chumba chetu pale Kisauni lilikuwa lingali limefungwa, nikasikia kokwa za tende zikimwagwa juu ya sinia la shaba. Zikakusanywa. Zikamwagwa tena. Baina ya mmwago na mmwago palikuwa na kimya kirefu, na ndani ya kimya hicho mama alikuwa akinong'ona namba. Mama yangu hakuwa mtu wa hesabu. Akihesabu kitu, jua ana hofu.

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa macho. Tulilala chumba kimoja tangu kaka aende vitani.

"Ni mara ya tatu hii," aliniambia, uso ameuelekeza darini. "Kila akifika mwisho hazitoshi, anaanza upya. Nenda kamwambie hazitaongezeka."

Nilimkuta mama ukumbini, amekaa mkekani, miguu ameinyosha, kokwa amezipanga mafungu ya kumi kumi mpaka chini ya kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinisemeshe, niko mia tisa na thelathini."

Nikangoja. Alipomaliza alinitazama kama mtu aliyenyimwa. "Elfu moja mia mbili na kumi na sita. Nimeomba kokwa nyumba zote mpaka kule kwa wagema, na hizi ndizo zilizopatikana. Tende zenyewe zi wapi siku hizi?"

Tende zilikuwa zimeadimika kama sukari, kama mchele, kama kitambaa cha sanda. Ilikuwa vita. Kaka yangu alikuwa Bama, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, karani katika jeshi la Mwingereza, na kwa miezi minane hatukuwa tumepata barua yake.

Kaka ndiye aliyenifundisha namba. Wasichana wenzangu walifundishwa Kurani na mapishi. Mimi niliongezewa kuvunja namba. Ndivyo alivyoita, kuvunja. Aliandika namba kubwa kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni, akaondoka zake, nami nikaiinamia kama mbanguaji wa korosho, nikiigonga kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, mpaka ganda lipasuke nione kilichomo. Nyingine hazikupasuka kwa chochote. Hizo aliziita namba tasa. Lakini alipooa, na mwaka ukapita wifi hajashika mimba, na wanawake wakaanza kulitumia neno hilo nyuma ya milango, kaka aliliacha. Akawa anasema namba zisizokubali. Hakunieleza kwa nini, wala sikumwuliza.

Barua yake ya mwisho ilikuja imepakwa wino mweusi. Wakaguzi wa jeshi walikuwa wakifuta kila jina la mahali. Mwisho kabisa, penye salamu zangu, nilisoma: "Nawe mdogo wangu, ukichoka na maneno ya watu, hebu vunja hii," kisha wino. Labda walidhani ni siri ya vita. Niliishika karatasi ile juani, nikaigeuza nyuma, nikaipapasa kwa kidole nikitafuta alama ya kalamu. Ilikuwa na tarakimu nne, au tano. Zaidi ya hapo sikuambua kitu. Tangu siku ile kila namba kubwa niliyokutana nayo niliidhania ndiyo.

Kuna sala ya kumsalia Mtume ambayo kwetu husomwa mtu akiwa katika dhiki. Husomwa mara elfu nne, mia nne na arubaini na nne. Watu hukusanyika wakaigawana, kwa kuwa mtu mmoja akiisoma peke yake humchukua siku kadhaa. Bibi yangu, mamake baba, alikuwa akisema idadi hiyo ni ufunguo: "Jino moja likipungua haufungui, na likizidi haufungui." Maneno hayo nilikua nayo. Sikuwa na umri wa kuyapima, niliyaogopa tu.

Mwezi uliotangulia tulikuwa tumeisoma kwa ajili ya kaka, tukashindwa. Tulitumia kokwa. Kila mwanamke aliposoma mara moja alitoa kokwa kwenye sinia akaitia bakulini, na bakuli likijaa linamwagwa, kokwa zinarudi siniani, mama anapiga mstari ukutani. Katikati ya kisomo mbuzi wa bibi aliingia kwa mlango wa uani. Mbuzi hupenda kokwa za tende kuliko majani. Kabla hajashikwa mkia alikuwa amekwisha kula, na hakuna aliyeweza kusema amekula ngapi, wala kama alikula zilizosomewa au ambazo hazijasomewa.

"Basi dua ya mwanangu iko tumboni mwa mbuzi," mama alisema, akalia.

"Basi tumchinje tule sote," alisema jirani yetu muuza mahamri, ambaye hakuweza kuona msiba bila kuutia chumvi. Hakuna aliyecheka. Baadaye, usoni pa bibi, nilidhani niliona tabasamu.

Habari ile ilivuka daraja, ikavuka kisiwa, ikapanda feri ikafika Likoni kwa wazazi wa wifi. Siku ya tatu ukaja ujumbe kwamba wanamtaka binti yao. Baba yake alikuwa amekwisha zungumza na Kadhi juu ya kuivunja ndoa. Mama alifunga safari kwenda kumsihi mamake wifi, akarudi magharibi na sharti.

"Amesema tusome tena," alitueleza, buibui lake lingali begani. "Kisomo kikitimia kamili, atawazuia wanaume wake mpaka baada ya Idi. Kisipotimia, amesema, hilo litakuwa ni jawabu, na atakuja kumchukua mwanawe kwa mkono wake."

Wifi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa, ila vidole vyake vilisimama.

Ndiyo sababu ya zile kokwa za alfajiri.

"Mama," nilimwambia, "hebu niachie mimi."

Niliokota kipande cha mkaa nikaiandika namba sakafuni. Nne, nne, nne, nne. Ukiitazama utadhani ni namba karimu, ya kumfungulia kila abishaye hodi. Si kweli. Ni namba yenye kuchagua wageni. Tatu haiingii, inabaki moja. Tano haiingii, inabaki nne. Sita haiingii, saba haiingii, nane haiingii, tisa haiingii. Hata kumi, ambayo watu huipenda kwa ajili ya vidole vyao, haiingii: inabaki nne. Mbili inaingia na nne inaingia, kisha unawapita hao wengine wote wamesimama nje, mpaka ufike kumi na moja. Kaka alinifundisha kuitambua kumi na moja bila kugawanya. Chukua tarakimu ya kwanza, toa ya pili, ongeza ya tatu, toa ya nne. Ikibaki sifuri, kumi na moja imo ndani. Nne toa nne, ongeza nne, toa nne. Namba ile ilijifuta mbele ya macho yangu.

Nikaigawa kwa nne, nikaigawa kwa kumi na moja, ikabaki mia na moja. Nikaigonga mia na moja kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba. Haikukubali. Hiyo ndiyo kokwa yenyewe, nikasema moyoni, iliyokuwa ndani ya tende.

Mia na moja. Niliinua macho nikaiona tasbihi ya wifi imetundikwa msumarini. Tasbihi ile ndefu ina punje tisini na tisa. Kila baada ya thelathini na tatu kuna punje ndogo bapa ya kutenga, ziko mbili. Tisini na tisa na mbili. Moyo ulinidunda kana kwamba nimesikia hatua za kaka uani.

"Hatutaki kokwa elfu nne," nilisema. "Tunataka arubaini na nne. Wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na tasbihi yake. Azungushe mara nne. Kila akimaliza mzunguko, asogeze kokwa moja mbele yake. Hakuna haja ya kuhesabu. Ila zile punje mbili ndogo nazo zisomewe."

Bibi aliyekuwa kitandani kwake chumba cha pili aliita. "We! Hizo hazisomewi. Hapo ni mahali pa kupumulia."

"Abee, bibi. Lakini mara hii zitasomewa."

"Haya. Mwalimu wa Kisauni amenena."

Mama aliitazama ile michoro ya mkaa sakafuni kwa muda mrefu. Hakujua kuisoma. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kunitumia kabla, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikujua kwamba hakika ni mzigo.

Tulizikusanya tasbihi kumi na moja. Nilizikagua moja moja, nikihesabu punje kwa ncha ya sindano. Moja ilikuwa na punje mia kamili, nikairudisha kwa mwenyewe kwa heshima. Moja ilikuwa imepoteza punje yake ndogo. Nikafunga fundo la uzi mwekundu mahali pake. Usingizi ulinipungua. Nilikuwa nikiamka nikiwaza: je, kama mmoja hakuja? Kumi haiingii. Je, kama mmoja akishikwa na kikohozi njiani?

Sikuwaza kwamba mtu angezidi.

Siku yenyewe, baada ya sala ya adhuhuri, tulikuwa kumi na mmoja kamili: mama, bibi, wifi, mimi, muuza mahamri, na majirani na jamaa sita. Udi ulikuwa umekwisha washwa. Nilikuwa nagawa kokwa, nne kwa kila mmoja, tukasikia hodi. Mamake wifi akaingia, buibui limejaa vumbi la njia, mkoba wa ukindu mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, mcha Mungu, na mkono wake wa kulia haukuachana na tasbihi yake, ndefu kama zetu, hata alipokuwa akisalimiana.

"Nimekuja kusoma," alisema. "Mume wa binti ni mwana. Asomewe yeye na mimi nikae Likoni?"

Mama alimkumbatia. Kwetu mtu aliyekuja kisomoni harudishwi, sembuse mkwe. Lakini macho ya mama yalinitafuta juu ya bega la mgeni, na niliyajibu kwa kunyanyuka. Nikaziweka kokwa zangu nne mbele yake, nikamweleza jinsi tutakavyosoma, na juu ya zile punje mbili ndogo. Aliitikia kwa kichwa. "Nimefahamu, mwanangu."

"Na wewe?" aliniuliza muuza mahamri.

"Mimi nitamlinda mbuzi."

Hapo wakacheka, na kwa kicheko hicho kisomo kikaanza.

Nilikaa kizingitini pa mlango wa uani. Chumba kilijaa mnong'ono mmoja mzito, kama maji yanayochemka kwenye chungu kilichofunikwa. Niliangalia vidole. Vya bibi vilikuwa vya pole, vimepinda, lakini kila vikifika kwenye punje ndogo vilisimama, akaisomea, kisha akanitupia jicho kunionyesha. Mama alikuwa amefumba macho.

Kisha nikaviona vidole vya mamake wifi.

Dole gumba lake lilikuwa likivuta punje moja moja, sawasawa, kwa mazoea ya miaka mingi. Lilipofika kwenye punje ndogo liliiruka. Lilizivuta mbili pamoja, ile ndogo na iliyofuata, na midomo yake haikusita. Nikadhani nimeona vibaya. Nikangoja thelathini na tatu nyingine. Likaruka tena. Akasogeza kokwa yake ya kwanza mbele, akaanza mzunguko wa pili, na thelathini na tatu za kwanza zilipokwisha likaruka vilevile.

Mkono wake haukuwa umenisikia. Masikio yalifahamu, ila mkono ulikuwa na elimu yake ya zamani.

Nilikohoa. Hakunitazama. Nilimtazama mama, macho yake yalikuwa yamefumbwa. Ningeweza kunyanyuka, nikapita mbele ya wanawake wale wote, nikamwinamia mkwe wetu sikioni, nikamwambia: mama, unakosea. Mimi, msichana, nimwambie hivyo mgeni mtu mzima aliyevuka maji mawili kuja kumsomea kaka yangu, mbele ya binti yake, mbele ya watu ambao kesho wangelibeba neno mpaka kisimani. Sikunyanyuka. Namba ilikuwa inavuja mbele yangu, nami nimekaa naitazama kwa ajili ya adabu.

Mbili kila mzunguko. Mizunguko minne. Nane.

Basi niliamua kuziba mwenyewe. Nilisubiri mpaka dole lake limeruka kwa mara ya nane, nimezihesabu zote, nikaanza kusoma kimyakimya. Nilihesabu kwa vifundo vya vidole: vitatu vya kidole cha mwisho, vitatu vya kidole cha pete, viwili vya kidole cha kati. Nane. Nilipomaliza nilifuta uso kwa ukingo wa leso, na mbuzi, nakumbuka, alikuwa amesimama uani ananitazama.

Bibi aliomba dua. Alimtaja kaka kwa jina la utotoni ambalo hakuna aliyelitumia tena, na hapo wanawake wote wakaitikia amina kwa sauti zilizopasuka. Kokwa arubaini na nne zilikuwa mbele, nne nne, safi, kama alivyopenda kaka. Mama alizitazama kisha akanishika kichwa akanibusu. Wifi aliinuka kwenda kuleta kahawa, na nilimwona akipita mlangoni na uso wa mtu aliyepewa nyongeza ya maisha. Mpaka baada ya Idi.

Tulikunywa kahawa ya tangawizi na mahamri yasiyo na sukari.

"Vita vikiisha nitatia sukari maradufu," alisema muuza mahamri. "Nawadai midomo yenu."

Mamake wifi alicheka, akaweka kikombe chini. "Niwaambie kichekesho changu. Mkono wangu huu umezoea kuziruka zile punje ndogo tangu nilipokuwa mwali. Nilipofika mwisho wa mzunguko wa nne ndipo nilipozinduka kwamba sikuzisomea hata moja. Nikaona haya kusema. Nikaongeza nane mwisho, polepole, hapana aliyejua." Akanigeukia. "Nane ndiyo, au sivyo, mwalimu?"

"Nane ndiyo, mama," nilisema.

Wote walimsifu. Bibi alisema huo ndio ucha Mungu. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe na sikukijua kina moto au baridi.

Nane zake. Nane zangu.

Hakuna aliyejua nilichofanya. Kama ningenyamaza, kisomo kilikuwa kimetimia kwa kila mtu aliyekuwemo chumbani isipokuwa mimi. Wifi angebaki. Mama angelala usingizi. Nilijaribu kunyamaza, Mungu shahidi yangu, kwa muda wa kikombe kizima. Lakini niliuona ule mstari wa wino mweusi mwisho wa barua ya kaka. Kuna mtu aliyeifuta namba yake kwa kuwa hakuiamini, na sasa mimi nilikuwa naifuta nyingine. Na palikuwa na ule ufunguo wa bibi. Kama kaka alikuwa nyuma ya mlango mahali fulani, na sisi tukashangilia na ufunguo wenye jino la ziada, nani angerudi kujaribu tena?

"Zimezidi," nilisema.

Hawakunisikia. Nikasema tena.

"Nini kimezidi?" mama aliuliza.

"Nilimwona mama akiziruka. Nikaona vibaya kumwambia. Nikasoma nane mimi pale mlangoni, za kufidia." Sauti yangu ilikuwa haifiki mbali. "Kwa hivyo si elfu nne mia nne arubaini na nne. Ni elfu nne mia nne hamsini na mbili."

Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani, sikujua cha nani.

"Salaala," alisema bibi. "Huyu kamsitiri mkwe, na mkwe kajisitiri. Sitara mbili zimeharibu dua moja."

Kwa hofu akili yangu ilikimbilia pale ilipozoea kukimbilia. Niliivunja namba ile mpya papo hapo, kichwani: nne, tatu, saba, hamsini na tatu. Nne na tatu ni kumi na mbili. "Lakini inaingia kwa kumi na mbili!" nilisema. "Mia tatu sabini na moja kila mmoja, haibaki hata moja. Na sisi humu tuko kumi na wawili, mama. Pamoja na mimi. Pamoja na wewe."

Mamake wifi alinitazama bila hasira. Nadhani alinihurumia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mimi sikuahidi kumi na mbili, mwanangu."

Alikunja tasbihi yake kiganjani. "Msinione mbaya," alisema, akimwambia mama hasa. "Nami nilitaka itimie. Ningekuwa sitaki, ningeongeza zile nane? Lakini huyu binti yangu si mjane, si mke. Hajui avae nguo ipi. Watu wakimwuliza habari za mumewe anatazama chini kama mwizi. Nilisema kamili, na Mungu amesikia nikisema. Mwanangu, kachukue buibui tuondoke, feri isije ikajaa."

Wifi aliinuka akaingia chumbani. Nililisikia sanduku likifunguliwa. Nilitamani ardhi inipokee. Ningeweza kunyamaza. Hilo tu ndilo lililokuwa likizunguka kichwani mwangu, mara nne, mara nne, kama tasbihi.

Muuza mahamri aliacha kutafuna. Nililisikia sanduku likifungwa.

Wifi alitoka na buibui moja mkononi. Lilikuwa la mamake, ambalo tulikuwa tumelitundika humo ndani alipofika. Alilikung'uta vumbi, akamfunika nalo mabegani, taratibu, kama avikwavyo bibi harusi.

"Lako liko wapi?" mamake aliuliza.

"Mama, watasoma tena. Ijumaa ijayo, au ile ya pili. Si kweli, mama?" Alimwuliza mama yangu, na mama akaitikia kwa kichwa tu. "Humu ndani tuko kumi na wawili. Ukitoka wewe tunabaki kumi na mmoja. Tukitoka sote wawili wanabaki kumi." Akanigeukia. Sijapata kumwona na macho makavu kama yale. "Wifi, kumi inaingia?"

"Haiingii," nilisema. "Inabaki nne."

"Haiingii, mama. Umesikia. Nikienda nawe mume wangu hatasomewa."

"Kwani watu wamekwisha Kisauni nzima? Watamtafuta mwingine."

"Watamtafuta. Lakini wa kumi na mmoja ni mimi."

Nilimwona mamake akizungusha macho chumbani, kichwa baada ya kichwa, midomo ikicheza. Alikuwa anatuhesabu. Alipofika kwa binti yake aliacha.

"Baba yako atasema nini?"

"Mwambie nilikatazwa na hesabu."

Bibi aliguna pale mkekani, mguno wa kicheko. Mamake wifi hakucheka. Alivuta buibui lake sawasawa, akaagana na mama, akambusu bibi mkono. Alipofika kwangu pale karibu na mlango, alisimama. Alinishika kiganja akaniwekea tasbihi yake ndani, ikiwa bado na joto la mkono wake.

"Ijumaa hiyo mahali pangu utakaa wewe, soma kwa hii," alisema. "Zile ndogo mbili, uzisomee."

Nilimbusu mkono. Alitoka, akashuka ngazi ya jiwe bila kugeuka nyuma, akaelekea njia ya daraja, na wifi alisimama akimtazama mpaka alipofika pembeni pa boma. Kisha akausukuma mlango kwa viganja vyote viwili, polepole, mpaka ukafunga.